Afisa akifanyia kazi nyumbani, mwananchi wa Misungwi anahudumiwa wapi?

Mwaka 2025 Serikali iliwaambia watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani zaidi ya mara moja. Januari 27 na 28, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati. Barabara kadhaa zilifungwa kupisha misafara, na watumishi wa jijini humo wakatakiwa wabaki majumbani na waendelee na kazi, isipokuwa wale ambao ni lazima wawepo kituoni. Kisha ikaja Oktoba 30, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu. Safari hii agizo liligusa nchi nzima, na sisi wa Misungwi tukiwemo.

Kati ya maagizo hayo mawili kuna tofauti kubwa. Mwezi Januari intaneti ilikuwepo. Mwezi Oktoba ilikuwa imezimwa tangu siku ya kupiga kura, na haikuanza kurejea mpaka Novemba 3. Siku zile zilikuwa na mambo mazito kuliko habari za ofisi; kuna familia zilizopoteza watu wao. Hapa tunaangalia upande mmoja tu, upande wa kazi. Mtu akiambiwa afanyie kazi nyumbani na hana intaneti, anafanya kazi gani? Na mwananchi aliyemhitaji siku hiyo, amtafute wapi?

Maswali haya yanatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kukalia meza ya ofisi. Mara nyingi ubishi wa kazi ya nyumbani na kazi ya ofisini husikika kama mazungumzo ya watu wawili, mwajiri na mwajiriwa. Kijijini kuna mtu wa tatu, naye ni yule anayesubiri huduma. Leo tunapima jambo hili tukiwa upande wake.

Hoja hii ilitufikiaje?

Ubishi huu ulipamba moto mwaka 2020, wakati wa korona. Machi 15 mwaka huo, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya, alizitaka ofisi za umma na kampuni binafsi ziwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wa huduma za lazima. Uganda na Rwanda nazo zilifunga shughuli nyingi mwezi huohuo.

Tanzania ilishika njia nyingine. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Vyuo vikafunguliwa Juni 1 na shule zote Juni 29. Ofisi na masoko viliendelea. Kwa hiyo wenzetu wa nchi jirani walikaa miezi kadhaa wakijifunza kwa shida nini kinafanyika nyumbani na nini hakifanyiki. Sisi tumejifunza kwa maagizo ya siku mbili tatu.

Duniani nako hakuna msimamo mmoja. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani aliagiza idara za serikali yake ziwarudishe watumishi ofisini siku zote za kazi. Mwezi huohuo kampuni ya Amazon nayo ilianza kuwataka wafanyakazi wake wa ofisini wafike siku tano kwa wiki. Wiki moja baadaye Dar es Salaam ikawa inawaambia watumishi wabaki nyumbani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Wataalamu wamepima nini?

Kuna utafiti ambao hutajwa sana, na ni vizuri tuujue. Nicholas Bloom, mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake waliifuatilia kampuni ya mambo ya safari ya China iitwayo Trip.com. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifika ofisini siku zote tano. Kundi la pili lilifika siku tatu, na siku mbili likafanyia kazi nyumbani. Matokeo yalitolewa kwenye jarida la Nature mwaka 2024. Kazi haikushuka na kupandishwa vyeo hakukupungua, lakini waliokuwa wakiacha kazi walipungua kwa theluthi moja kwenye kundi la siku mbili nyumbani.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imejaribu kabla, miaka ya 2010 na 2011, na wapokea simu wake. Walifanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano, na utendaji wao ukapanda kwa asilimia 13. Hata hivyo, jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba warudi ofisini. Upweke uliwachosha.

Kwa hiyo anayesema kazi ya nyumbani ni uvivu hajasimama kwenye ushahidi. Lakini tuangalie waliopimwa ni akina nani: watu wa kompyuta na simu, ambao wateja wao hawajawahi kupanga foleni mlangoni kwao. Mteja wa Shanghai hajui na wala hajali aliyempokelea simu ameketi wapi. Mwananchi wa Misasi anayetafuta sahihi na muhuri anajali sana, kwa sababu muhuri uko kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo anao afisa.

Umbali haufi, unahamia kwa mtu mwingine

Hapa ndipo ilipo hoja yetu kuu. Mtu akifanyia kazi nyumbani, gharama ya umbali haifutiki. Inatoka kwa mmoja na kwenda kwa mwingine. Kabla ya kusema jambo hili ni zuri au baya, tuulize: safari hii nani analipa?

Tupige hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuelezea tu, wewe weka za kwako. Tuseme mtumishi anaishi Mwanza mjini, ofisi yake ipo Misungwi mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 5,000. Akiruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki, kwa mwezi ni kama siku nane. Ameokoa 40,000. Toa bando na umeme wa nyumbani, tuseme 15,000. Amebakiwa na 25,000, na pia hakuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari.

Sasa mama mmoja ametoka Mbarika, kando ya ziwa, kwa nauli ya 6,000 kwenda na kurudi. Anafika, anaambiwa: "Mama, leo yupo nyumbani, rudi Alhamisi." Nauli ile imepotea na ya Alhamisi ataitafuta upya. Wakitokea watano wa namna hiyo kwa mwezi, ni shilingi 30,000. Mtumishi mmoja ameokoa 25,000 na wananchi watano wamepoteza 30,000. Hapo hatujahesabu siku ya palizi iliyopotea.

Geuza mfano huohuo. Tuseme mama yule angepiga simu kabla ya kutoka, afisa akapokea akiwa nyumbani kwake na kumwambia: "Karatasi yako bado, usije. Ikiwa tayari nitakupigia." Hapo wote wawili wamepona nauli. Afisa ni yuleyule, yupo nyumbani kwake vilevile. Kilichobadilika ni kwamba simu ilipokelewa na jibu likatolewa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema ofisini ni bora siku zote, wala wanaosema dunia imebadilika na ofisi zimepitwa na wakati. Kuna kazi ambazo simu inamaliza, na kuna kazi ambazo simu inaahirisha tu.

Barabara nazo zinabadilisha hesabu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Kabla yake, anayetoka Sengerema kuja upande wetu alitegemea kivuko, na kusubiri kivuko kuliweza kula saa nzima au zaidi. Sasa anavuka kwa gari kwa dakika chache. Daraja na simu vinafanya kazi moja, kupunguza uzito wa umbali. Lakini daraja likishajengwa linamhudumia kila anayepita. Simu inamhudumia mwenye chaji, mwenye salio na mwenye namba ya kupiga.

Shambani ni ofisi ya nani?

Tumchukue afisa ugani. Tukimuuliza mkulima wa pamba wa Koromije au mfugaji wa jirani na Mabuki angependa afisa huyo awe wapi, hatasema nyumbani na hatasema ofisini. Atasema aje shambani, aje kwenye zizi. Kwa kazi yake, ofisi na nyumba vyote ni mahali pasipofaa kukaa siku nzima. Kiti chake kikiwa wazi kwa sababu yupo kwa wakulima, hiyo ni dalili njema.

Sehemu ya kazi yake inaweza kufanywa kwa mbali. Wizara ya Kilimo ina mfumo wa M-Kilimo, unaofikiwa hata kwa kitochi kwa kupiga *152*00#, ili mkulima aulize na mtaalamu ajibu. Kuuliza tarehe ya kupanda au kipimo cha dawa hakuhitaji pikipiki. Lakini mdudu aliyekaa chini ya jani anataka mtu ainame aligeuze jani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwenye zizi lenye ng'ombe anayetokwa na mate msemo huo hauna mjadala.

Mwalimu naye hana njia. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na vinasaidia kuandaa masomo na kutuma taarifa. Darasa la kwanza lenye watoto wengi haliwezi kufundishwa na kishikwambi kilichopo nyumbani kwa mwalimu. Muuguzi, mkunga, fundi wa maji na mlinzi ni vivyo hivyo.

Mtendaji wa kijiji yupo katikati. Kuandika taarifa, kupanga mihtasari na kujaza mifumo, hayo anaweza kuyafanya mezani kwake nyumbani usiku. Kusuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba hawezi kwa simu. Ni lazima aende akaone katani ilipong'olewa.

Hata kazi yetu ya redio ina pande hizo mbili. Mahojiano ya mtaalamu aliyepo Dodoma tunayafanya kwa simu na msikilizaji hapungukiwi kitu. Lakini karavati likisombwa na mvua, ni lazima mmoja wetu aende, asimame pale, ahesabu wanafunzi wanaovuka kwa kushikana mikono.

Kwa hiyo swali "nyumbani au ofisini?" limekaa vibaya. Swali la kwanza ni hili: kazi yenyewe inafanyikia wapi?

Koti kwenye kiti

Wanaopinga kazi ya nyumbani wana hoja moja inayoeleweka: asiyeonekana hasimamiwi. Ni kweli. Lakini tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Ni nani hajawahi kufika ofisini, akaona koti limening'inizwa kwenye kiti, akaambiwa mwenyewe "katoka kidogo, subiri", akasubiri mpaka saa tisa? Daftari la mahudhurio lilikuwa na sahihi ya mwenye koti. Huduma haikuwepo.

Kufika kazini na kufanya kazi ni mambo mawili. Serikali yenyewe imelitambua hilo ilipoweka mfumo wa PEPMIS badala ya ule wa zamani wa OPRAS. Kwenye PEPMIS mtumishi anajaza malengo na kazi zake kwa njia ya mtandao, na msimamizi wake anazipima. Lengo ni kupima kilichofanyika. Mfumo wa namna hiyo ukitumika ipasavyo, unaweza kumsimamia aliyepo ofisini na aliyepo nyumbani kwa kipimo kimoja.

Tatizo ni kwamba mwananchi haulizwi. Anayejaza ni mtumishi, na anayepitisha ni msimamizi wake. Yule mama wa Mbarika hana kisanduku cha kuandika kwamba alikuja mara mbili. Mahali pake pa kusemea ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Watu wengi huenda kwenye mkutano huo kusikiliza mapato na matumizi, jambo ambalo ni zuri. Waulize pia: ofisi hii inafunguliwa siku gani, na nani anapokea simu isipofunguliwa?

Uzi mmoja ukikatika

Kazi ya mbali inasimama juu ya uzi mmoja, na uzi huo hatuushiki sisi. Oktoba 29 mpaka Novemba 3, 2025 tuliliona hilo. Mei 12, 2024 tuliliona pia, kwa sababu nyingine kabisa. Siku hiyo mikongo miwili ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa Mwanza na aliyekuwa Dar es Salaam wote walibaki wakitazama kiduara kinachozunguka kwenye simu. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, nao walikaa karibu siku tano bila intaneti Januari 2021, wakati wa uchaguzi wao.

Siku kama hizo, ofisi yenye jengo, faili la karatasi na mtu ndani yake bado ina thamani. Ni kama jembe la mkono kwa mwenye trekta: hulitumii kila siku, lakini hulitupi.

Hata pasipo hitilafu kubwa, mtandao haujalingana. Mei 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Hiyo ni hatua kubwa. Vilevile umeme umefikishwa kwenye vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Lakini kijiji kufikiwa na umeme si kila nyumba kuwa nao, na mnara kusimama si kila mtu kumudu bando. Huduma ikihamia mtandaoni kabla ya watu kufika huko, wanaobaki nyuma ni wazee, wenye vitochi, na wanaolazimika kumwomba kijana wa stationari awajazie fomu kwa malipo. Hapo tena gharama imehama.

Kijana wa Usagara na kazi ya San Francisco

Kuna upande mwingine wenye matumaini. Kama kazi inaweza kufanyika popote, kwa nini kijana wa Usagara au Fela ahamie Dar es Salaam kulipa kodi ya chumba? Anaweza kutafsiri, kuandika, kuhariri picha, kutunza hesabu za biashara au kupokea wateja wa kampuni ya mbali, akiwa kwao, akila ugali wa nyumbani na kulipa ada ya mdogo wake. Fedha inayolipwa Dar es Salaam au Nairobi ikitumika Misungwi, muuza duka wa Misungwi anafaidika. Hilo ni jema na tunawatia moyo wanaolijaribu.

Lakini wajue upepo wake. Kenya ilianza mapema kuliko sisi; programu ya Ajira Digital ilianza mwaka 2016 ili kuwaingiza vijana kwenye kazi za mtandaoni. Maelfu walipata kazi za kuchambua picha na maneno ili kufundishia akili mnemba. Moja ya majukwaa yaliyowapa kazi hizo ni Remotasks, la kampuni ya Scale AI ya San Francisco, Marekani. Machi 2024, Remotasks ilifunga huduma zake Kenya. Wafanyakazi walipata taarifa kwa barua pepe, akaunti zikafungwa. Hapakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza wala bosi wa kumkabili.

Hilo ndilo jambo ambalo ofisi humpa mfanyakazi bila yeye kulitambua. Ana mlango wa kubisha na wenzake wa kusimama naye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, yakiwemo mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mwenye mgogoro anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake. Yote hayo yanakuwa magumu pale aliyekupa kazi haishi nchini, na mkataba uliokubali kwa kubofya kitufe unakuita mshirika huru, hakuna neno mwajiriwa.

Kwa hiyo kijana anayeanza, aulize mambo manne. Nani ananilipa, na kwa njia gani hela itafika kwenye simu yangu? Nimekubaliana naye nini kwa maandishi? Nikikatwa kesho, nina kazi nyingine pembeni? Na la nne, je, wananitaka nitoe hela kwanza? Anayekuomba ada ya usajili ili akupe kazi, huyo wewe ndiye kazi yake.

Nyumbani nako kuna kazi

Kuna jambo ambalo tafiti za ughaibuni hazilioni. Kwetu, mtu akionekana nyumbani mchana anahesabiwa hana kazi. Mjomba atakuja kupiga soga. Jirani ataomba umpeleke mgonjwa. Ukisema "nipo kazini" huku umeketi sebuleni, utaonekana una maringo.

Kwa mwanamke ni zaidi. Akibaki nyumbani, maji, kuni, mtoto na mgeni vyote vinamtazama yeye. Mumewe akifanyia kazi nyumbani watoto wanaambiwa wanyamaze, baba yupo kazini. Mama akifanya hivyo, mtoto anawekwa mapajani mwake. Wapo akina mama ambao kufanyia kazi nyumbani kumewasaidia kunyonyesha na kulea bila kupoteza ajira. Wapo pia ambao ofisi ndiyo mahali pekee wanapoitwa kwa jina lao na cheo chao. Mwajiri akiweka utaratibu wa kazi ya nyumbani, awe wa hiari. Usiwe adhabu, wala njia ya kukwepa kulipia meza na umeme.

Tunasimama wapi?

Tukikusanya yote, tunaona hivi. Kazi ya kuandika, kupanga, kuhesabu na kujibu ifanyike popote, mradi kipimo kiwe matokeo na simu ipokelewe. Kazi inayohitaji mkono, jicho au muhuri ifanyike pale mwananchi alipo au pale alipoambiwa aje. Na kila gharama inapohama, ahame nayo wajibu: ofisi inayookoa umeme kwa kumwacha mtumishi nyumbani ichangie bando lake, na afisa anayeokoa nauli yake amwokolee na mwananchi ya kwake.

Kwa ofisi za kata na vijiji vya Misungwi, hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji ubao mmoja nje ya mlango, wenye siku na saa ambazo mhusika atakuwepo bila kukosa, namba ya simu ya ofisi, na jina la anayekaimu asipokuwepo. Ubao huo hauhitaji bando, hauzimwi na hitilafu ya baharini, na mwenye kitochi anausoma sawa na mwenye simu janja.

Nawe msikilizaji, kabla hujapanda bodaboda, piga simu. Isipopokelewa, andika tarehe na saa. Ukiambiwa "rudi kesho", uliza: kesho nitamkuta nani? Daftari hilo dogo lipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mali bila daftari huisha bila habari, na nauli yako pia ni mali.